Ukaguzi wa Meno

Kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa usafi katika shule moja ya msingi pale Kisesa. Kila Jumatatu asubuhi, wimbo wa taifa ukiisha, watoto walibaki kwenye mistari yao na mimi nilipita katikati na fimbo yangu nyembamba kwapani. "Kucha!" Mikono inanyooshwa. "Kola!" Shingo zinageuka. "Meno!" Hapo paredi nzima inakenua, wakubwa kwa wadogo, nami napita naangalia mdomo mmoja baada ya mwingine.

Wenye meno ya kahawia niliwatoa mstarini. Sikuwauliza kitu. Walijua wenyewe pa kwenda: nyuma ya jiko la shule, kulikokuwa na kopo la mkaa uliosagwa, wasugue mpaka niridhike. Na sikuwahi kuridhika, maana meno yenyewe hayakubadilika hata siku moja. Nikasema ni uvivu. Nikasema hawa ni watoto wa wafugaji, wanakunywa maziwa usiku na kulala bila hata kusukutua. Mungu anisamehe, niliyasema hayo mbele ya paredi, kwa sauti, na walimu wenzangu wakacheka.

Miongoni mwa watoto wa nyuma ya jiko alikuwemo binti yangu wa kumzaa. Sikutaka mtu aseme mwalimu anapendelea wa kwake. Kwa hiyo yeye nilimtoa wa kwanza.

Mimi si mtu wa Mwanza kwa kuzaliwa. Kwetu ni Kagera, kwenye migomba, ambako maji yanatoka kwenye chemchemi chini ya mlima, ya baridi, unachota na kunywa palepale. Nimeolewa na Msukuma aliyelelewa Igogo, Mwanza mjini, kwa shangazi yake, na huko Igogo ndiko tulikoanzia maisha, chumba na sebule, bomba moja uani kwa wapangaji wote. Maji yalikuwa ya ziwa, yaliyosafishwa na kuwekwa dawa. Nikiri tu kwamba niliyachukia. Yalinuka dawa. Miezi mingine yalikuja na ukijani kwa mbali, kama yamepitishwa kwenye mchicha. Nilikuwa nainusa glasi kabla ya kunywa kama paka aliyewekewa chakula asichokijua, na mume wangu akaniambia, "Mama, hayo ndiyo yaliyonikuza mimi, na meno yangu yote ninayo." Alikuwa na meno mazuri kweli. Sikulitilia maanani.

Tulipopata kiwanja Kisesa, jirani kabisa na shule niliyohamishiwa, bomba la ziwa lilikuwa halijafika. Tukachimba kisima. Mashine ilitoboa mwamba siku tatu, na ya nne maji yakaruka. Fundi akachota kikombe, akanywa, akashusha pumzi, akasema, "Hayana chumvi haya. Matamu." Mume wangu akanywa, mimi nikanywa, na mimba yangu ya miezi sita tumboni. Tukachinja mbuzi. Huko ndiko kupima maji kwa desturi ya huku: fundi akionja na asipokunja uso, shughuli imekwisha, watu wanaulizia nyama.

Jamani, maji yale yalikuwa meupe! Ukiyamimina kwenye glasi ungedhani glasi ni tupu. Sawa, yalikuwa magumu. Sabuni ilikataa kutoa povu, unasugua shati mpaka mkono unauma na unachopata ni utando tu. Birika lilijaa magamba meupe ndani mpaka ukilitikisa linalia. Maharage bila magadi yalikaa jikoni tangu asubuhi mpaka watu wanakata tamaa. Lakini hata hilo niliona sifa. Niliwaambia majirani kwamba maji yangu yana madini, yanajenga mifupa, si yale maji malaini ya mjini yaliyolegea.

Mnajua wanavyotusema watu wa kwetu Kagera kwa majivuno, na sikuwaangusha. Jirani yangu mmoja, mama wa Kisukuma mwenye maneno, aliniuliza siku moja, "Mwalimu, hivi na maji yenu nayo yamesoma?" Nikamjibu, "Yamesoma, yana digrii." Tukacheka mpaka tukaegemea ukuta.

Nilitoa bomba moja nje ya ukuta, upande wa shule, wanafunzi wanywe bure. Ilikuwa sadaka, na niliitoa kwa moyo. Wakati wa mapumziko walipanga foleni na vikombe vyao, na mimi nilisimama kwenye kibaraza cha ofisi nikitazama, moyo umetulia. Hata bomba la ziwa lilipofika hatimaye ng'ambo ya barabara na majirani wakaanza kuunganisha, mimi nilikataa. Ninunue harufu ya dawa, ili iweje?

Binti yangu alizaliwa mwezi wa tatu tangu kisima. Meno yake ya utoto yalikuwa meupe kama tui. Yakang'oka, yakaja ya ukubwani, na yalikuja na mabaka kama mtu aliyeyagusa kwa chaki. Alipofika darasa la tatu mabaka yakaanza kugeuka rangi. Darasa la nne yakawa ya kahawia, mistari mistari, mawili ya mbele kuliko yote.

Nilipigana na meno yale kama adui. Miswaki migumu, mkaa, chumvi, majivu, magadi. Nilisimama mlangoni mwa bafu nikihesabu mpaka mia mbili, na akiacha katikati tunaanza upya. Fizi zilitoka damu. "Piga mswaki kama mtoto mwenye mama!" nilimwambia. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwenye sauti ya kengele. Akajifunza kucheka amejiziba mdomo kwa kiganja. Baadaye akajifunza kucheka kwa mabega tu. Mimi nikaona ndiyo ukubwa huo, binti anapata haya, anaelekea kuwa mwanamwali.

Alipokuwa darasa la saba, yakiwa yamebaki majuma machache tu wafanye mahafali yao, mwalimu wake wa darasa alimchagua aghani ngonjera mbele ya wazazi na mgeni rasmi. Nani mwingine mwenye sauti kama ile? Akakataa. Mtoto wangu, ambaye hajawahi kumkatalia mwalimu kitu, akasema hapana, na akauambia hivyo ukuta, hakuniangalia mimi.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Sitaki tu, mama."

Nikajua ni meno. Basi nikaamua kumpeleka mjini kwa daktari wa meno, wayakwangue kwa mashine, yaishe kabla ya siku yenyewe. Mkaa ulishindwa, mashine haitashindwa.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa wanafunzi wangu wa kwanza kabisa. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akamkalisha mwanangu kwenye kiti kile kirefu, akawasha taa, akaangalia kwa muda mrefu, akagonga jino moja, akagonga jingine.

"Mama, meno ya mtoto ni safi sana. Nani kamfundisha kupiga mswaki? Sijaona kinywa safi hivi wiki hii."

Nilidhani ananitania. "Safi? Daktari, hiyo rangi huioni?"

"Naiona. Si uchafu. Iko ndani ya jino lenyewe, imeingia wakati jino linajijenga kwenye fizi. Hata ukisugua mwaka mzima haitoki." Kisha akauliza, kwa upole tu, "Tangu mdogo anakunywa maji gani?"

Na mimi, hata sasa nikikumbuka nasikia joto masikioni, nilinyanyua kidevu nikasema, "Ya kisima chetu wenyewe."

Akaizima ile taa. Akanieleza kwamba kuna madini yanaitwa floraidi, yanatoka kwenye miamba, na maji ya chini ya ardhi huyabeba. Kidogo yanasaidia meno. Yakizidi yanayaharibu, hasa kwa mtoto mdogo ambaye meno ya ukubwani bado yako ndani. Nikamwambia maji yangu ni magumu, ndiyo, lakini ni meupe. Akasema ugumu ni jambo jingine, yale magamba ya kwenye birika hayamdhuru mtoto meno. Na floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha.

"Lakini nachemsha!" nilisema. Nilikuwa nimeshika mkoba kama mtu anayeogopa kuibiwa. "Nachemsha nusu saa nzima!"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama. Floraidi si kijidudu. Maji yanapanda mvuke, yenyewe inabaki kwenye sufuria."

Kha! Nusu saa kila siku, miaka kumi na mitatu, na kumbe nilikuwa naizidisha hiyo floraidi. Wenzangu walikuwa wanachemsha mpaka yatokote tu wanaepua, mimi ndiye niliyekuwa nachochea mkaa nikisema mtoto wangu lazima anywe maji yaliyoiva.

Nikauliza, je, nikibadilisha maji leo? Akatikisa kichwa. Yaliyokwisha kuota hayarudi nyuma. Akiwa mkubwa yataweza kufunikwa, hilo lipo. "Ila wadogo walio chini ya miaka minane hivi, kama wapo wanaokunywa maji hayo, hao bado mnaweza kuwawahi. Kapimeni kisima kwanza."

Nilimgeukia mwanangu. Alikuwa anatazama dari tu, kama mtu anayesikia tangazo la jambo alilokwisha kulisikia. Nikadhani ni uoga wa ile mashine.

Niliyapeleka maji maabara kwenye chupa, na nitasema ukweli: niliyapeleka ili nimwaibishe yule daktari. Siku nne zile nilikuwa namtungia maneno ya kumwambia. Nilipoitwa, bwana wa maabara alikuwa ameshika karatasi, akaniuliza, "Kisima hiki ni cha nani?"

"Changu."

"Hamkupima mlipochimba?"

"Tulionja."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akasema kisitumike kunywa wala kupikia, kufulia ruksa, na kwamba visima vya mwamba vya namna hii viko vingi huku, tangu Magu mpaka Misungwi, na kuna vijiji wazee wote utawaona wana meno hayo hayo. Aliposema Misungwi nilimwomba arudie. Mama mkwe wangu anaishi Misungwi. Mama mkwe wangu ana meno ya kahawia. Na mimi, tangu nimeolewa, nimekuwa nikisema chinichini ni ugoro. Ugoro! Yule mama sijawahi kumwona na kikopo cha ugoro hata siku moja.

Nilifika Kisesa saa nne na nusu, wakati wa mapumziko, na foleni ilikuwa imejaa kwenye bomba langu. Wa mbele kabisa walikuwa darasa la kwanza. Nilipiga kelele kutoka barabarani, "Acheni! Msinywe! Msinywe hayo maji!"

Wakatawanyika kama kuku, maana kwangu kelele ilikuwa na maana moja tu, kwamba mtu kakosea. Akabaki mmoja, mtoto wa kike wa miaka sita au saba, kikombe mkononi, mashavu yamejaa maji. Hakujua ameze au afanyeje. Alinikodolea macho. "Tema!" nilimwambia. Akayatema kifuani kwake mwenyewe, kwenye sare, akaanza kulia. "Mwalimu, mimi sikucheza na maji. Sikucheza." Alikuwa na mapengo mbele, yale mapengo yanayosubiri meno ya ukubwani.

Nilifunga bomba kwa waya nikaukaza kwa koleo mpaka mkono ukachubuka. Mwalimu mkuu alipoiona karatasi alikaa chini. Siku ileile shule ilianza kuletewa maji ya ziwa kwa madumu, na haikupita muda bomba likavutwa kutoka ng'ambo ya barabara, lilikokuwa likipita siku zote likinisubiri nimalize majivuno.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya ukaguzi kama kawaida. Wimbo wa taifa ukaisha. Watoto wakanyoosha mikono hata kabla sijasema, na wale wenye meno ya kahawia, bila kuitwa, wakaanza kujitoa mstarini wenyewe kwenda nyuma ya jiko. Walikwenda kwa utaratibu kabisa, wengine wakipiga stori. Nilikuwa nimewafundisha vizuri.

"Rudini," nikasema. Nikainua sauti. "Rudini mstarini."

Sijui kama kuna mwalimu aliyewahi kusema mbele ya paredi niliyoyasema siku ile. Niliwaambia meno yao si machafu na hayakuwahi kuwa machafu. Niliwaambia ni maji ya visima vya huku, na kwamba hata yale ya bomba la shule yalitoka kwangu. Wale niliowaita wavivu hawakuwa wavivu, na wazazi wao hawakukosa kuwalea. Nyani haoni kundule, nikawaambia, na nyani ni mimi. Hakuna aliyecheka. Walimu wenzangu walikuwa wanaangalia viatu vyao. Nikamaliza, "Naomba mnisamehe."

Na watoto wakajibu kwa pamoja, kwa ule mwimbo tunaowafundisha wa kujibu kila kitu, "Tu-me-ku-sa-me-he, mwa-li-mu!" Paredi nzima. Iliniuma kuliko kama wangezomea, maana wangejibu hivyo hivyo hata kama ningewaambia mbili mara mbili ni nne. Nikaangalia mstari wa darasa la saba. Mwanangu peke yake alikuwa amefunga mdomo.

Jioni nilimkuta uani anafua soksi kwa maji ya ziwa tuliyoanza kuchota kwa jirani, povu limejaa mpaka kwenye viwiko. Nilikaa kwenye ngazi. Nikamwambia, "Mwanangu, sikujua."

Akaendelea kufua. Kisha akasema, taratibu, bila hasira, "Nilikwambia, mama."

"Lini?"

"Darasa la nne. Nilipotoka likizo kwa bibi. Bibi aliniambia meno yangu na yake ni ya maji, kwao wote wanayo. Nikaja nikakwambia. Ulikuwa jikoni unamimina maji kwenye chupa."

"Nikasemaje?"

"Ulisema nisisingizie maji. Ulisema, 'Maji haya ni safi kuliko wewe.'"

Nimeitafuta siku hiyo kichwani mpaka leo. Jikoni naliona, chupa naziona, mtoto mlangoni na begi lake la likizo simwoni. Sikumbuki! Yeye amelala na neno hilo na kuamka nalo miaka mitatu, mimi sikulibeba hata mpaka sebuleni. Lakini siwezi kubisha, maana hayo maneno nayajua. Ni yangu kabisa, hata mpangilio wake.

Nililia. Aliniacha nilie, akakamua soksi, akazianika. Halafu akaja akasimama mbele yangu akijifuta mikono kwenye sketi.

"Ngonjera nitaghani," akasema. "Mwalimu nimeshamwambia."

"Kweli? Huogopi watu?"

"Watu sikuwa nawaogopa, mama. Walimu mnakaa mbele." Akamaliza kujifuta mikono. "Ila wewe usikae mbele. Kaa nyuma, nisikuone unaniangalia."

Nikamwahidi.

Siku ya mahafali kiti changu cha mbele, karibu na mgeni rasmi, kilibaki kitupu na mwalimu mkuu akanipungia mara mbili nije, nikatikisa kichwa. Nilikaa kwenye benchi la mwisho kabisa, nyuma ya akina mama waliovaa vilemba vikubwa, sioni mbele hata kidogo. Sauti yake ilipoanza, wote wakanyamaza. Haikuwa imezibwa na kiganja. Ilikuja wazi mpaka kwetu nyuma, neno kwa neno, na alipofika mahali pa kuchekesha watu wakaangua kicheko, na nikasikia na yeye anacheka, kwa sauti, kama alivyokuwa akicheka alipokuwa mdogo.

Mama mmoja mbele yangu akamgusa mwenzake. "Mtazame anavyocheka yule mtoto! Hebu mtazame!"

Nilisimama. Nilikuwa nimeshanyanyua visigino, nimeshika bega la mtu, bado kilemba kimoja tu nimwone. Kisha nikakaa.